Lakhindar Alivyobaki Maiti Sebuleni Kwangu

Wiki hii mmeuliza kama sanaa za jadi za vijijini India zitapona katika dunia hii ya simu na watalii. Nitawajibia wale ninaowajua kidogo, Wapatua wa Bengali ya Magharibi.

Hawa huchora hadithi kwenye gombo refu la karatasi, picha moja chini ya nyingine, na mgongoni hubandika kitambaa cha sari kuukuu lisichanike. Rangi ya njano ni bizari, nyeusi ni masizi, na gundi hutoka kwenye tunda la bel. Lakini uchoraji ni nusu ya kazi. Zamani Mpatua alipita nyumba kwa nyumba, akilikunjua gombo taratibu, kidole kikifuata picha, mdomo ukiimba kisa kizima. Ujira wake mchele, au senti mbili tatu. Na wengi wao ni Waislamu, wakiimba habari za miungu ya Kihindu. Wapenda mipaka jambo hilo limewashinda.

Kwa hiyo mabadiliko hayanitishi. Katika kijiji cha Naya, wilaya ya Paschim Medinipur, wameshachora na kuimba Ukimwi, tsunami ya 2004, hata minara ya New York iliyoangushwa 2001. Wanawake nao, ambao zamani hawakuzunguka na magombo, leo wamo katika waimbaji wanaosifika.

Wasiwasi wangu ni sisi wanunuzi. Tunabeba picha, wimbo tunauacha palepale.

Rafiki yangu aliyesoma Kolkata aliniletea gombo la Behula, bibi harusi wa hadithi za Bengali. Akaniambia lina wimbo wake, sikuuliza unasemaje. Kwa fundi wa fremu likaonekana refu mno, nikamwambia aikunje sehemu ya chini nyuma ya kadibodi. Basi miaka mitatu likaning'inia sebuleni: juu Manasa, mungu wa kike wa nyoka; chini bwana harusi Lakhindar amelala, ameumwa usiku wa harusi yake. Wageni wakasifu rangi, nami nikaitikia ahsante.

Mwezi uliopita kioo kilivunjika, nikalikunjua lote sakafuni. Kumbe Behula alipanda chelezo na maiti ya mumewe, akateremka mto, akacheza mbele ya miungu mpaka wakalainika. Picha ya mwisho kabisa, iliyokuwa imebanwa na kadibodi muda wote huo, Lakhindar ameketi, macho wazi.