Maswali na majibu ya redio ya ridhaa: waya, maji na dishi linalotazama juu

Maswali ya safari hii, kuhusu redio ya ridhaa (ya watu wanaorusha mawimbi kwa kupenda, si kwa biashara), yametoka Arusha na Moshi. Yaliyofanana tumeyajibu kwa pamoja.

Nataka kununua redio kwanza, leseni baadaye. Kuna ubaya? (Msomaji, Sanawari)

Upo. Kurusha mawimbi bila leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ni kosa, hata kama umesema "haloo" mara moja tu. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko hapo hapo Arusha. Nenda uulize taratibu za redio ya ridhaa na kama modeli unayoitaka imeidhinishwa kutumika nchini. Ishara ya kituo utakayopewa, yaani jina lako hewani, itaanza na 5H. Ukiwa unasubiri, jenga antena. Ndiyo inayochukua muda, na ndiyo itakayoamua utasikika au hutasikika.

Kiwanja changu Njiro kina mita 15 kwa 15. Nitawezaje kufunga dipoli (antena ya mikono miwili ya waya) ya bendi ya mita 40, yaani karibu megahezi 7?

Kabla ya kukunja chochote, pima kona kwa kona. Kiwanja cha 15 kwa 15 kina mshazari wa mita 21, na dipoli nzima inalala humo bila kukunjwa.

Hesabu yenyewe: gawa 143 kwa masafa ya megahezi. Kwa 7.1 unapata mita 20.1, yaani mita 10 na kidogo kila upande. Waya wa shaba wa 2.5 unaouzwa madukani kwa ajili ya nyumba una ganda la plastiki, na ganda hilo hufanya urefu unaotakiwa upungue kwa kama asilimia 3. Hata hivyo kata mita 10.1 kila upande, kisha punguza ukiwa umeshapandisha. Mrefu unapunguzika, mfupi utakuletea viungo.

Kama mshazari una mwembe au nyumba katikati, simamisha mlingoti wa mita 7 au 8 na ushushe mikono miwili kama paa. Mita 8 za kwanza za kila mkono zishuke kwa mteremko, zilizobaki zigeuke zifuate ukuta. Usiurudishe waya sambamba na ulikotoka. Ncha zikae juu ya mita 2.5, maana ndiko volti zinakopanda unaporusha, na mtoto akishika anaungua.

Katikati funga koaksi (kebo yenye waya katikati na ngao kuizunguka) ya ohm 50. Kebo ya dishi ya ohm 75 nayo inafanya kazi, tatizo lake ni kwamba ngao ya alumini haishiki risasi ya kulehemu, na kiungo cha kusokota kitakuangusha mvua ya pili. Chini kidogo ya kiungo, zungusha koaksi hiyo hiyo mara 10 kwenye kipande cha bomba la plastiki la inchi nne. Bila mzunguko huo mawimbi hurudi kwa nje ya ngao hadi mezani: maikrofoni inakuchoma mdomo, na spika ya jirani inaanza kutamka ishara yako.

Sasa punguza. SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena; 1 ndiyo bora) ikiwa chini kabisa kwenye megahezi 6.95, waya ni mrefu. Kila sentimita 10 unazokata kwa kila upande zinapandisha kama kilohezi 70, kwa hiyo hapo unahitaji kama sentimita 20 kila upande. Kata 10, pima, ndipo ukate tena. Bendi yetu ni 7.000 hadi 7.200, hivyo katikati yake ni pazuri pa kuishia.

Utaambiwa kuwa mita 7 ni chini mno. Kwa Japani, kweli. Kwa Dodoma na Dar es Salaam mchana ni kimo kizuri, kwa sababu mawimbi yanapanda karibu wima na kurudi chini ndani ya mamia ya kilomita.

Kabla ya masika SWR yangu ilikuwa 2. Sasa ni 1.2 bila kugusa kitu. Antena imejirekebisha? (Msomaji, Rau)

Haijajirekebisha, imelowa. Maji yakiingia kwenye koaksi, kebo inakula nguvu inayokwenda na ile inayorudi. Mita ya SWR haioni nguvu inayorudi, inakupongeza.

Jipime hivi: fungua antena kule juu, acha ncha ya kebo wazi, kisha pima SWR huku chini kwa kipimo kidogo cha antena, si kwa wati 100. Kebo nzima inatakiwa ionyeshe SWR kubwa sana. Ikionyesha 3, nusu ya nguvu yako inapotelea njiani. Kata sentimita chache pale juu uitazame ngao: ikiwa nyeusi au ya kijani, endelea kukata hadi ukute shaba inayong'aa, na usipoikuta nunua kebo nyingine. Kiungo kipya kizungushie tepu ya mpira inayojishika, juu yake tepu ya kawaida, kisha acha kebo ining'inie kama kamba ya bembea kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondokee nje.

Shikamooni. Redio ya mkononi ya wati 5 itafika Arusha kutoka Moshi mjini?

Marahaba. Kutoka mjini, hapana, na wati 50 hazitakusaidia sana. Kwenye megahezi 145 mawimbi huenda karibu kama macho yanavyoona. Antena iliyo mita 1.5 juu ya ardhi tambarare inaona kama kilomita 5. Mkiwa wawili, 10. Panda Kibosho, mwenzako apande mteremko wa Meru juu ya Tengeru. Ukiuona kwa macho mteremko aliosimama yeye, wati 5 zinatosha na zinabaki.

Nyumbani, toa ile antena fupi ya mpira. Waya wa sentimita 49 uliosimama, na minne ya sentimita 50 iliyoinamishwa chini kama miavuli, juu ya paa: hiyo inaishinda redio yoyote ya bei mbaya iliyofungiwa sebuleni.

Mimi ni dereva wa watalii. Nikipata leseni ya ridhaa, naweza kuitumia kuwasiliana na ofisi nikiwa porini?

Huwezi. Redio ya ridhaa si ya biashara. Kampuni iombe masafa yake.

Nina dishi la sentimita 90 lililokaa bure. Naweza kusikiliza QO-100?

Unaweza, na kwa eneo letu ni raha tupu. QO-100 ni vifaa vya redio ya ridhaa vilivyo ndani ya setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa 2018 na kukaa digrii 25.9 mashariki juu ya ikweta. Haisogei, kwa hiyo ukilenga umelenga.

Kutoka Arusha, elekeza kwenye dira digrii 287, magharibi ikipinda kidogo kaskazini, na kimo cha digrii 77. Moshi ni digrii moja chini ya hapo. Hiyo ni karibu utosini. Dishi la duara lenye LNB (kile kichwa cha kupokea mawimbi) katikati litakuwa beseni: toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa, la sivyo mvua moja inazima kila kitu. Dishi la LNB ya pembeni linainama zaidi na maji yanamwagika yenyewe, ila hakikisha konekta haitazami juu.

Kinachowashinda wengi ni kuzungusha LNB. Ukifuata maelezo ya Ulaya utaipindisha digrii chache tu. Sisi tulio jirani na ikweta tunahitaji kama digrii 70. Jaribu pande zote mbili, polepole.

Ipe volti 13, si 18, wala usiiwashie toni ya kilohezi 22. Sauti na msimbo wa Morse viko megahezi 10489.5 hadi 10490.0, na LNB ya kawaida huvishusha hadi megahezi 739.5 hadi 740, ambapo kipokezi kidogo cha USB kwenye kompyuta kinavisikia. Weka kizuizi cha umeme kati ya LNB na kipokezi. Volti 13 zikiingia kwenye kipokezi, umekiua. Tafuta kwanza ishara ya mwongozo kwenye 739.75. Isipokuwepo hapo, tafuta makumi ya kilohezi huku na huku, maana LNB huhama ikipigwa jua la asubuhi.

Kila nikiingiza mawasiliano kwenye daftari, wenzangu wa nje wanasema saa haziendani.

Wao wanaandika UTC (saa ya pamoja ya dunia, iliyo saa tatu nyuma ya yetu), wewe unafikiri kwa saa za Kiswahili. Njia ya mkato: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, jumlisha 3. Saa nne asubuhi ni 0700. Kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, jumlisha 15, na ikifika 24 au kuzidi toa 24. Saa mbili usiku ni 1700. Saa kumi na moja alfajiri ni 0200.

Mtego uko kwenye tarehe. Kati ya saa sita na saa tisa usiku, kalenda yako ya ukutani imeshageuka lakini ya UTC bado. Ukiongea na mtu saa saba usiku wa kuamkia tarehe 5, andika tarehe 4, 2200.