Bleni Wangu Hataki Mukene

SWALI: Mzee, salaam kutoka Jinja. Nina tangi la lita 150 la maji ya chumvi, bado changa, lina miezi michache tu. Muuzaji mmoja wa Kampala aliniletea samaki mdogo: mbele rangi ya buluu na kijivu, nyuma manjano, na mstari mweusi unaoanzia jichoni. Alisema ni bleni mwigaji wa Bahari ya Shamu. Jirani amesoma kwamba bleni wa rangi hizo ana meno ya sumu, na sasa watoto wanaogopa kutia mkono. Tena namsagia mukene, wale dagaa wa ziwani, kila asubuhi, hagusi. Na chumvi ya dukani imekaribia kuisha. Ya Ziwa Katwe itafaa? – Mama wa Walukuba

JIBU: Mama, jirani yako hakudanganya, ila alisoma habari za samaki mwingine. Bahari ya Shamu ina bleni wawili wanaofanana sana. Mmoja, Meiacanthus nigrolineatus, ana meno mawili marefu ya sumu kwenye taya la chini. Samaki mkubwa akimmeza huumwa mdomoni, humtema, na tangu hapo huziogopa rangi zile. Wa pili, Ecsenius gravieri, hana sumu. Amevaa sare ya mwenzake tu, na wawindaji wanampisha.

Rangi hazitakusaidia kuwatofautisha. Tazama anavyokaa. Mwenye sumu ana kibofu cha hewa, kwa hiyo huelea katikati ya maji. Mwigaji hana, hutulia juu ya jiwe, akiondoka huruka hadi jiwe la pili, na akishtuka huingia tunduni kinyumenyume akabakiza kichwa. Wako akifanya hivyo, watoto wasiogope, bora mikono isiwe na sabuni. Akiwa wa kuelea, mshike kwa wavu, basi.

Kinachonitia wasiwasi ni tumbo lake. Mwigaji hula mwani. Mukene ni nyama, na hata angeukubali usingemfaa kuwa chakula cha kila siku. Tangi changa halijaota ukijani wa kumtosha, na wauzaji wengi hawalisemi hilo. Mimi naona ni kosa kubwa kumuuzia mtu bleni bila kumuuliza mawe yake yana umri gani. Acha kusugua kioo cha nyuma, ukijani uote. Mwombe mwenye tangi la zamani jiwe moja lililojaa mwani. Kwenye supamaketi kubwa za Kampala tafuta nori, ule mwani wa karatasi wa Kijapani usiotiwa mafuta wala viungo, ufunge kwenye jiwe kwa uzi karibu na tundu lake. Ongeza chakula chenye spirulina, aina ya mwani mdogo sana. Mtazame kwa ubavu kila siku: tumbo linatakiwa kuwa la mviringo. Likibonyea ndani, mrudishe haraka kwa mwenye tangi lililokomaa.

Chumvi ya Katwe, hapana kabisa. Nimezaliwa Likoni, maji ya bahari nayajua, na ziwa lile si bahari. Lina magadi na salfeti nyingi. Ukiitia tangini, pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, itapanda mpaka samaki afe. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita, haidromita, kile kipimo cha chumvi majini, isome 1.025. Maji ya bomba yaondolee klorini kwanza. Ya mvua yaliyopita kwenye mabati usiyatumie, yanabeba zinki. Maji yakipungua kwa joto, jazia maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haikwenda na mvuke.

Hita iwe nyuzi 25 hadi 26, maana usiku wa Jinja hupoa. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe karibu. Usimwongezee bleni mwingine, watapigana. Na funika tangi leo hii kwa wavu wa matundu madogo: hawa huruka nje, na wengi huokotwa sakafuni asubuhi wakiwa wamekauka.