Foki ya hewa au tairi: uanze na nini?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina baiskeli ya milima ya bei ya chini, magurudumu ya inchi 27.5, gia 21, foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya springi na breki za diski za waya. Naendesha njia za pembeni mwa Mlima Meru, upande wa Ngaramtoni. Nimejichanga, nataka kufunga foki ya hewa na kubadili gia ziwe moja mbele, kumi nyuma. Nianze na ipi?

JIBU: Marahaba. Usianze na yoyote kati ya hizo mbili. Anza na tairi.

Foki haiji peke yake. Baiskeli nyingi za daraja lako zina shingo iliyonyooka, ya shina (bomba la foki linaloingia kwenye shingo ya fremu) la inchi 1 na 1/8, wakati foki nyingi nzuri za siku hizi shina lake linanenepa kwenda chini hadi inchi 1.5. Haliingii. Hata ukiipata ya shina lililonyooka, huenda ikataka ekseli nene ya milimita 15, na habu yako (kitovu cha gurudumu) ni ya ekseli nyembamba ya kufungua kwa mkono. Hapo unanunua na gurudumu la mbele. Kuna wanaofunga foki ya mchezo (umbali inaobonyea) wa milimita 140 kwenye fremu iliyoundwa kwa 100. Pua inanyanyuka, usukani unayumba kwenye mpando, na shingo ya fremu inabeba mzigo usio wake. Mimi kazi hiyo siifanyi.

Gia nazo zina mtego wake. Gia 21 ni tatu mbele na saba nyuma, na kwa bei hiyo zile saba mara nyingi ni friwili, meno yanayofungwa kwenye habu kwa nyuzi kama skrubu, si kaseti, meno yanayochomekwa kwenye habu yenye mzunguko wake ndani. Toa gurudumu la nyuma, zungusha meno kinyumenyume, tazama katikati pale ufunguo wa kufungulia unapoingia. Kama pale pametulia huku meno yanazunguka, ni friwili. Kwa hiyo kuweka gia kumi maana yake ni habu mpya, kaseti, mnyororo, kibadilishio cha nyuma na swichi yake kwenye usukani. Gharama hiyo inakaribia bei ya baiskeli yenyewe.

Turudi kwenye tairi. Vumbi la Meru ni laini kama unga, na mvua ikinyesha linageuka utelezi. Tairi zinazokuja na baiskeli za bei ya chini huwa na mpira mgumu na meno mafupi. Tafuta za upana wa inchi 2.25 au zaidi, hasa ya mbele, ila kwanza hakikisha zinapita kwenye fremu bila kugusa. Hakikisha pia ubavuni pameandikwa 584, ndicho kipimo cha rimu yako. 559 ni ya inchi 26 na 622 ni ya 29.

Halafu punguza upepo. Vijana wanajaza hadi tairi inalia ukiigonga, kisha wanalalamika kwamba foki ni ngumu! Mtu wa kilo 70 hivi ajaribu psi (kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu) 28 mbele na 32 nyuma. Ukipata pancha ya matundu mawili yaliyo jirani, tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu, ongeza kidogo. Kwa miiba ya migunga, weka dawa ya kuzibia ndani ya tyubu.

Breki usizikimbilie kuzibadilisha. Kwenye nyingi za waya, pedi ya nje tu ndiyo inasukumwa. Ya ndani imesimama. Isogeze kwa skrubu yake mpaka ibaki nafasi ndogo tu kati yake na diski, ndipo ukaze waya. Badilisha na waya pamoja na ganda lake kama vina kutu. Ukiona bado haikamati, hapo ndipo uwaze breki za mafuta. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Usikubali mtu akuwekee mafuta ya breki za gari, yanaharibu mipira ya ndani.

Pedeli za plastiki zitoe, funga pana zenye vijino. Ya kushoto inafunguliwa kinyume na kawaida, usije ukaua nyuzi za krenki, ule mkono unaoshika pedeli.

Mnyororo upime kwa futi ya seremala: kutoka katikati ya pini moja hadi ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili ukiwa mpya. Ukizidi kwa 1/16, badilisha. Ukiacha ufike 1/8, utanunua na meno ya nyuma.

Hela itakayobaki iweke. Kama baada ya msimu mmoja bado unaitamani foki ya hewa, tafuta mtumba mzuri uliokuja nayo tangu kiwandani, na hii yako uiuze ikiwa na tairi zake za zamani.