Kabla hujapanga chumba cha chini ya ardhi New Jersey

Ndugu uliyeuliza kama uchukue chumba cha chini ya ardhi Jersey City kwa sababu kodi yake ni nafuu na vimbunga "ni mambo ya Louisiana na Florida", nakujibu kama mtu aliyekuwapo Newark, mji jirani na Jersey City, usiku wa tarehe 1 Septemba 2021.

Kimbunga Ida kilitua Louisiana tarehe 29 Agosti kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa, na kilipotufikia upepo huo ulikuwa umekwisha nguvu. Masalia yake, hata hivyo, yalikuwa bado yamebeba unyevu mwingi wa bahari ya joto, nayo yalipokutana na hewa baridi yaliumwaga juu ya miji. Bustani ya Central Park jijini New York ilipata milimita 80 za mvua kati ya saa 2:51 na saa 3:51 usiku, ilhali mabomba ya majitaka ya New York yamejengwa kuhimili takriban milimita 45 kwa saa. Newark tulipata zaidi ya milimita 200 siku hiyo.

Ndiyo maana kuwa mbali na mto hakukuokoi. Katika nyumba niliyokuwa nikipanga, maji yalianzia kwenye tundu la sakafuni karibu na mashine ya kufulia: liligugumia, likatoa povu la kijivu, kisha maji machafu yakapanda wakati mlango wa nje ungali mkavu. Mpangaji wa chini alipoona hivyo aliwabeba watoto akapanda kwetu, akaacha kila kitu. Punde ngazi za nje zikajaa maji ya barabarani, na mlango ule haukusukumika tena.

Jijini New York walikufa watu 13, na 11 kati yao walikuwa katika vyumba kama hicho unachokitaka, vingi vikiwa havina kibali. New Jersey walikufa wapatao 30, wengi wakiwa garini (na bado nawasikia watu wakisema "nitapita taratibu").

Ukilazimika kupanga chini, ulizia kibali, na hakikisha kuna dirisha lisilo na nondo ambalo mtu mzima anaweza kutokea. Bima ya kawaida ya mpangaji haigharamii mafuriko. Ya mafuriko hukatwa peke yake, hulipia vitu vichache mno vilivyo chini ya ardhi, na ile ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, hivyo usingoje kimbunga kitangazwe.