Mimi nampima Fransisko kwa Bangui

Mhariri, wiki hii mmeuliza: Papa Fransisko, aliyefariki 21 Aprili 2025, aliwasogelea kweli watu wa dini nyingine au alipiga nao picha tu? Mimi ni Mwislamu, na jibu langu ni Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Wengi watataja Abu Dhabi, Februari 2019, alipotia saini hati ya udugu wa kibinadamu pamoja na Sheikh Ahmad al-Tayyeb, Imamu Mkuu wa Al-Azhar, taasisi kuu ya elimu ya Kiislamu iliyoko Kairo. Ni jambo kubwa, sikatai, maana mwaka 2011 Al-Azhar ilikuwa imesitisha mazungumzo na Vatikani. Wapo Wakatoliki waliokasirishwa na kifungu kinachosema kuwa wingi wa dini umetokana na mapenzi ya Mungu. Aliyesoma Surat al-Maida, aya ya 48, isemayo kwamba Mungu angetaka angetufanya umma mmoja, hatashtuka. Lakini Abu Dhabi kuna mazulia, viyoyozi na ulinzi wa kumwaga.

Bangui ya Novemba 2015 ilikuwa habari nyingine. Vita vya waasi wa Séléka, wengi wao Waislamu, na wanamgambo wa anti-balaka, wengi wao Wakristo, vilikuwa vimewafukuza Waislamu wengi mjini. Waliobaki wakajibana mtaa wa PK5, na kutoka nje ya mtaa huo kulikuwa kujitafutia kifo. Wafaransa, waliokuwa na askari wao pale, walionya kwamba usalama wa Papa hawawezi kuudhamini. Akaenda. Tarehe 29 akafungua Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu, ule ufunguliwao mwaka wa jubilei, siku tisa kabla ya ule wa Roma. Kesho yake akaingia PK5, msikiti wa Koudoukou, akavua viatu, akasema Wakristo na Waislamu ni ndugu. Alipotoka, imamu wa msikiti huo alipanda naye gari lake la wazi. Picha, ndiyo. Ila kwa mtu aliyefungiwa mtaani kwake kwa hofu, kumwona imamu wake akipita barabarani juu ya gari la Papa si jambo la kubeza.

Amani haikudumu. Tarehe 1 Mei 2018 wenye silaha walivamia kanisa la Fatima, jirani na PK5, misa ikiendelea, wakaua waumini na padri mmoja. Anayempima Papa kwa kumaliza vita anamdai kitu ambacho hata Umoja wa Mataifa, pamoja na maelfu ya askari wake, haukukiweza.

Nung'uniko langu ni jingine: watu husimulia kana kwamba udugu uliingia Bangui na ndege ya Papa. Tangu Desemba 2013 Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga alikuwa amempokea nyumbani kwake Imamu Oumar Kobine Layama na familia yake, wakaishi humo miezi kadhaa. Wao wawili na Mchungaji Nicolas Guérékoyame walizunguka kuwasihi vijana waweke mapanga chini. Papa aliikuta njia imeshafyekwa. Alichoongeza ni macho ya dunia, na mwaka 2016 ukardinali kwa Nzapalainga. Ningeambiwa nigawe sifa za Bangui, nusu nzima ningewapa hao watatu kwanza.