Thoreau hakukimbia watu

Ndugu, umeandika kwamba Thoreau, yule mwandishi Mmarekani wa karne ya 19, alikuwa mtawa wa porini aliyechukia watu. Hapana. Kibanda chake kando ya bwawa la Walden, alikoishi 1845 hadi 1847, kilikuwa mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka mji wa Concord, Massachusetts, tena kwenye ardhi ya rafiki yake, mwandishi Emerson. Mjini alikuwa haishi kwenda. Na huko ndiko alikokamatwa Julai 1846: amefuata kiatu chake kwa fundi, akatiwa ndani kwa kutolipa kodi ya kichwa miaka kadhaa. Hakutaka pesa yake ilishe serikali inayolinda utumwa na kupigana na Meksiko. Alilala usiku mmoja tu. Mtu akamlipia, akatolewa (kwa hasira, maana hakuomba kulipiwa), akachukua kiatu chake, huyo, akaenda kuchuma matunda ya mwituni!

Insha yake ya kueleza kwa nini mtu akatae kutii serikali dhalimu ilitoka 1849, na Gandhi, mpigania uhuru wa India bila vita, akaja kuisoma akiwa Afrika Kusini. Ila usimgeuze Thoreau mtume wa amani: mwaka 1859 alimtetea hadharani John Brown, aliyeshika bunduki kupinga utumwa.