Baada ya Kofi, Kamera Inabaki na Nani?

Nakula kwa kulia mbele ya maikrofoni. Kazi yangu ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia na vichekesho vya nje, na kwa kuwa sauti yangu ni nyembamba, napewa wachumba wanaosubirishwa, mabinti waliofiwa, wake walioonewa. Muswada ukifika, sehemu yangu huwa na mabano mengi kuliko maneno: (analia), (anashtuka), (anavuta pumzi). Mwenzangu anayemtilia sauti mume ana kurasa nzima. Anafoka, anajieleza, anatubu, anaahidi. Mimi naambiwa nilie hadi picha ibadilike, halafu niseme "nisamehe". Ndiyo, aliyepigwa ndiye anayeomba msamaha. Nimeusema mstari huo kwa wanaume wengi kiasi kwamba siku hizi nautambua kabla sijafungua ukurasa.

Watu wakijua kazi yangu huniuliza: tamthilia fulani inafaa kutazamwa na watoto, au inadhalilisha wanawake? Wanataka jibu fupi, na wengi wanalo tayari, kwa sababu wamehesabu makofi. Yenye mke anayepigwa ni mbaya, isiyo na kofi ni salama. Mimi nawaambia waache kuhesabu. Hadithi inaweza kuonyesha kipigo na ikawa upande wa aliyepigwa, na nyingine isiwe na kofi hata moja lakini imdharau mwanamke tangu wimbo wa kufungulia hadi majina ya mwisho. Cha kuangalia ni kimoja: baada ya kofi, kamera inabaki na nani?

Mara nyingi mwanamke anaanguka nje ya picha, na uso unaojaa kwenye skrini ni wa mwanaume. Taya linamtetemeka. Piano inaingia. Tunarudishwa utotoni mwake, tunaonyeshwa alivyochapwa na baba yake, na kabla ya matangazo tumeshaanza kumhurumia aliyepiga. Aliyepigwa tutamkuta sehemu inayofuata, ameshapoa, anapanga vikombe. Usiku wake haukupigwa picha. Mwaka 2015 tamthilia ya Game of Thrones ilizua hasira kubwa kwa jambo hilihili: Sansa anabakwa na mumewe usiku wa harusi, kamera inamwacha na kwenda kwenye uso wa Theon, mwanaume aliyelazimishwa kutazama. Wako waliosema ni heshima, hatukuonyeshwa mwili wake. Nawaelewa, na kweli sitaki kuonyeshwa mwili wake. Lakini kuuficha mwili wa mtu si sawa na kumnyang'anya uchungu wake na kumkabidhi mwanaume aliyesimama kando.

Halafu kuna suala la steringi. Tunajua steringi hafi, na tunajua pia kwamba steringi husamehewa. Akifanya adui, ni unyama. Akifanya yeye, ni mapenzi yaliyopitiliza. Mfano ambao bado unanishangaza ni wa tamthilia ya Marekani, General Hospital. Mwaka 1979 mhusika wake, Luke, alimbaka Laura. Watazamaji walikuwa wamempenda Luke, kwa hiyo hadithi ikageuzwa taratibu ikawa ya mapenzi, na mwaka 1981 harusi yao ilitazamwa na watu wapatao milioni 30. Ilibidi ifike 1998 ndipo tamthilia hiyohiyo ikarudi kuliita tendo lile kwa jina lake, pale mtoto wao alipogundua kilichotokea. Karibu miaka ishirini! Katikati hapo kuna wasichana waliokua wakiamini kwamba mapenzi makubwa yanaweza kuanza hivyo.

Usidhani mtindo huo umekufa. Umevaa nguo nzuri tu. Mwanaume anakataliwa, anamfuata kazini, anasimama chini ya dirisha lake usiku, ananunua jengo analofanyia kazi, na sehemu ya arobaini anapendwa. Mimi humo ndani nina neno moja la kusema mara nyingi: "hapana". Na mwongozaji huniambia niliseme laini zaidi, nitie kacheko kwa mbali, mtazamaji asikie ndiyo iliyojificha. Kazi ni kazi, nimefanya. Lakini ukinisikia nikisema "hapana" tamu namna hiyo, ujue utamu umeongezwa studio.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa wenye vijana nyumbani ni kutozima televisheni. Ukizima, watatazama kwenye simu bila wewe. Usihubiri katikati ya tamthilia pia, hakuna anayemsikiliza mtu anayewazibia hadithi. Uliza swali moja, kama mtu anayefuatilia kweli: "Huyu dada amekataa mara ngapi leo?" Basi, nyamaza. Watahesabu wenyewe. Siku nyingine uliza: "Hivi, mwanaume huyu asingekuwa mzuri hivi na tajiri hivi, hiki anachofanya tungekiitaje?" Vijana ni wepisi kuliko tunavyodhani. Ukiwaachia jibu, watakushangaza. Ukiwapa jibu, wataitetea tamthilia kama ndugu yao.

Vichekesho ni vigumu zaidi, maana pale kuna mtu aliyeshacheka kabla yako. Miaka ya 1950 fundi sauti wa Marekani, Charley Douglass, alitengeneza mashine ya kutoa vicheko vilivyorekodiwa, na tangu hapo maelfu ya vipindi yamekuja na watu wa kutuchekesha ambao hatuwaoni. Studio tunapokea muziki, milio na vicheko peke yake, maneno yakiwa yameondolewa ili tuweke yetu. Nimesikiliza vipindi hivyo kabla maneno hayajawekwa: mlango unafungwa, hatua, kimya, kicheko kikubwa. Unabaki kujiuliza wamecheka nini. Ukisoma muswada unakuta mume kamwambia mkewe amenenepa.

Wewe huna sauti hizo zilizotenganishwa, ila unaweza kujaribu kitu kinachokaribiana. Chukua utani uliokuchekesha, uusimulie kesho kwa sauti ya kawaida kwa mtu ambaye hakuona kipindi. Kama kilichobaki ni tusi tu, basi kicheko kilikuwa cha mashine. Mama mkwe mkorofi, mke mropokaji, msichana mrembo asiyejua kitu, mwanaume aliyevaa gauni ili uanamke wenyewe uwe kichekesho: mwingi katika utani huu hauvuki jaribio hilo. Mwingine unavuka. Kuna utani unaomwangukia mwonevu, na huo mimi naupenda sana. Bosi anaeleza mbele ya kikao wazo ambalo mwanamke kalitoa dakika moja iliyopita, kila mtu anapiga makofi, na kamera inageuka kwa yule mwanamke, anatutazama. Tunacheka naye. Hakuna hotuba inayoeleza jambo hilo vizuri kuliko jicho lake lile.

Hata hivyo, dhamira nzuri ya mwandishi haitoshi. Kipindi cha vichekesho cha Marekani, All in the Family, kilianza mwaka 1971 kikiwa na Archie Bunker, baba mbaguzi anayewadharau weusi, wageni na wanawake, huku mkewe Edith akiambiwa anyamaze kila mara. Waandishi walitaka Archie achekwe. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha walichokikuta kwa watazamaji: wenye chuki nyingi ndio waliomwona Archie kuwa mshindi wa mabishano, na walimpenda yeye kuliko mkwe wake anayempinga. Kipindi kimoja, kicheko kimoja, maana mbili. Ndiyo maana mtu akiniambia "ni dhihaka tu, kila mtu anaelewa", mimi nageukia aliyekaa naye kwenye kochi. Muulize alicheka nini hasa. Majibu mengine yatakufanya uweke chai chini.

Kuna aina moja ambayo haina kofi wala kicheko, na nadhani ndiyo inayotudanganya kirahisi zaidi: wanawake wawili wanaoumizana. Mama mkwe anamtesa mkwewe, mke mkubwa anamtegea mdogo, dada anamwibia dada mchumba. Watu wanatazama, wanatikisa kichwa, wanasema adui wa mwanamke ni mwanamke. Nimewatilia sauti pande zote mbili za vita hivyo, kwa hiyo naomba uniamini: angalia nani ameketi kichwani mwa meza. Kuna mzee mpole, haongei sana, analia msibani. Nyumba ni yake, pesa ni zake, na ndiye anayeamua nani abaki na nani afukuzwe. Wanawake wanapigania nafasi chini ya uamuzi wake, na hadithi inamwacha akae salama na upole wake. Mchora katuni Alison Bechdel aliwahi, mwaka 1985, kumpa mhusika wake kanuni: atazame filamu kama tu ina wanawake wasiopungua wawili, wanaozungumza wao kwa wao, kuhusu jambo lisilo mwanaume. Ni kipimo chepesi, hakipimi heshima. Lakini kitumie kwenye tamthilia ya majumba makubwa uone dakika zinavyopita bila mazungumzo kama hayo.

Tuseme pia zinazofanya kazi yake vizuri, maana mimi sichukii televisheni, inanilipa kodi ya nyumba. Tamthilia ya Maid ya mwaka 2021 inaanza na mama kijana anayetoroka usiku na mtoto wake. Mwanaume anayeishi naye hajampiga. Amevunja vitu, amepiga ukuta kando yake, ana hela zote. Mama huyo anapofika kuomba msaada, yeye mwenyewe hajioni kuwa ameonewa, anaona nafasi ya makazi iachiwe mwanamke aliyepigwa kweli. Kwa sehemu nzima kamera haimwachi: tunahesabu naye hela zake kwenye skrini, zikipungua kila anaponunua kitu. Ubora uko hapo. Mtazamaji aliyezoea kusubiri kofi anajifunza kuona funguo, simu, kadi ya benki, marafiki waliopotea mmoja mmoja.

Nyingine ni Soul City ya Afrika Kusini. Mwaka 1999 msimu wake wa nne ulimfuata mwanamke anayepigwa na mumewe huku majirani wakisikia na kunyamaza. Kisha, katika sehemu moja, majirani wanatoka na sufuria na kuzigonga kwa pamoja nje ya nyumba ile. Hawavunji mlango, wanamjulisha tu mume kwamba wanasikia. Watengenezaji walikuwa wakishirikiana na mtandao wa mashirika yaliyopigania utekelezaji wa sheria ya ukatili wa nyumbani, iliyopitishwa mwaka 1998 na kuchelewa kuanza kutumika, na baada ya sehemu ile ziliripotiwa habari za watu kuiga kugonga vyombo. Ninachokipenda ni kwamba hadithi ilimtazama jirani. Wengi wetu si mpigaji wala mpigwaji. Sisi ndio tunaopandisha sauti ya televisheni ili tusisikie ya jirani.

Jambo la mwisho linahusu anayetazama pamoja nawe, na hili nimelijua kwa sababu watu hunifuata kuniambia kilio changu kiliwafanya nini. Tamthilia ya uonevu ikiwa inaendelea, angalia pia sebuleni. Kuna mtu huondoka kila tukio la namna hiyo likianza, anakumbuka ghafla kazi ya jikoni. Kuna anayecheka pasipochekesha. Kuna anayemtetea mume wa kwenye skrini kwa ukali usio wa kawaida. Inaweza isiwe na maana yoyote. Ikiwa na maana, usimuulize mbele ya watu, na usimuulize usiku uleule. Tafuta siku mko wawili, anza na tamthilia yenyewe: "Yule dada jana, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Mtu husema mengi kwa mdomo wa mhusika ambayo hawezi kuyasema kwa mdomo wake.

Akianza kusema, usimuulize kwa nini hajaondoka. Swali hilo liko kwenye kila muswada niliousoma, mara nyingi mdomoni mwa rafiki mwema, na haliondoi mtu. Siku za kuondoka ndizo huwa na hatari kubwa zaidi kwa wanawake wengi, kwa hiyo anayesitasita huenda anajua hesabu kuliko wewe. Muulize anahitaji nini. Huenda ni mahali pa kuweka nakala za vyeti, au namba ya kupiga iliyoandikwa kwa jina lisiloshtua, au mtu wa kwenda naye kwenye ofisi inayohusika. Usimtumie meseji kuhusu jambo hilo kama hujui nani mwingine anaishika simu yake. Asipotaka kusema chochote, usimbane. Mwalike tena wiki inayofuata, na inayofuata, hata akikataa, kwa sababu mwonevu hujitahidi kuhakikisha mialiko inakoma.